Mbwa alimng'ata mwanangu siku sita zilizopita, kidonda kimeshafunga. Sindano bado ina faida?

Baba Zawadi, Jumatano saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naandika haraka maana chaji ni kidogo na umeme umekatika tangu saa kumi.

Alhamisi iliyopita nilimtuma mwanangu Zawadi, ana miaka saba, akalete sukari robo dukani. Kwenye kona ya mwembe akakutana na mbwa wa kahawia ambaye si wa mtu yeyote hapa kijijini. Hakumchokoza. Mwenzake aliyekuwa naye anasema mbwa alikuwa anatembea upande upande, kimya, hata kubweka hakubweka. Akampita kama hamwoni, halafu akageuka akamdaka shavu la mguu wa kulia. Matundu mawili yaliingia hasa, na pembeni mkwaruzo mrefu. Sukari yote ilimwagika. Mtoto anachokumbuka zaidi ni hiyo sukari, alidhani nitamchapa.

Mbwa huyohuyo akaenda akang'ata mbuzi wa jirani. Vijana, mdogo wangu akiwemo, wakamshukia kwa magongo mpaka akafa, wakamtupa korongoni.

Mama yake aliosha mguu kwa maji ya chumvi, tukaenda zahanati. Pale alipakwa spiriti, akachomwa ya pepopunda, tukapewa amoksilini ya siku tano. Tukaambiwa chanjo ya kichaa cha mbwa hawana, ila kidonda chenyewe ni kidogo, "mkiona dalili mrudisheni". Nikaridhika, tukarudi nyumbani.

Leo mguu umepona kabisa, anacheza mpira. Lakini jana fundi cherehani wetu alinisimulia habari ya mtoto wa dada yake, na tangu hapo sijalala. Nauliza: siku sita si nimeshachelewa? Wengine wananiambia ni sindano ishirini na moja za tumboni, mtoto wa miaka saba ataziwezaje? Mjini nimetajiwa elfu thelathini kwa kila sindano, nauli juu yake, na mbegu za msimu sijanunua. Na dalili zenyewe ni zipi, ili nikiziona tu nikimbie naye hospitali?

Kiboko ya Sumu, saa 2:26 usiku

Pole mkuu. Usikimbilie kutoa laki kwa kitu ambacho wazee wetu walikuwa wanakimaliza nyumbani. Tafuta jiwe la nyoka, lile jeusi, mkwaruze kidogo damu itoke, libandike. Litashika lenyewe na litanyonya sumu, likishiba linadondoka. Unalichemsha kwenye maziwa unalitumia tena. Mimi niling'atwa na mbwa 2011, nikawekewa hilo jiwe, mpaka leo nadunda.

Bibi Nesi, saa 2:51 usiku

Baba Zawadi, soma mstari huu kabla simu haijazimika: kesho alfajiri mpeleke akachomwe. Hujachelewa. Yote yanayofuata ni maelezo tu, utayasoma kwenye basi.

Nimefanya kazi wodini miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu nafuga kuku. Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niache ugali mezani. Unauliza dalili ili ukiziona ukimbie. Kwa malaria, sawa. Kwa kuhara, sawa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna pa kukimbilia, si Morogoro, si Muhimbili, si India. Aliyekwambia "mkiona dalili mrudisheni" alikupa maneno ya ugonjwa mwingine.

Ngoja nikueleze kwa nini siku sita hazijakufungia mlango. Kirusi hiki hakisafiri kwenye damu. Kinaingia na mate ya mbwa, kinakaa kwanza kwenye nyama palepale kwenye jeraha, kisha kinashika mshipa wa fahamu na kutambaa nao milimita kwa milimita hadi uti wa mgongo, kutoka hapo hadi ubongo. Kwa watu wengi safari hiyo inachukua miezi miwili au mitatu. Kuna waliougua baada ya wiki moja au mbili, na kuna waliougua baada ya mwaka. Aliyeng'atwa usoni au shingoni njia yake ni fupi, wa mguuni njia yake ni ndefu kidogo. Muda wote huo mtoto anacheza mpira kama Zawadi, kidonda kimefunga vizuri, na ukimpima hospitali hutaona kitu. Huo ndio muda wa kutibu, hakuna mwingine. Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza askari wake kabla kirusi hakijafika juu. Kwa hiyo hata mtu aliyeng'atwa mwezi uliopita bado anachomwa. Ila kila siku unayomkalisha nyumbani unamwachia kirusi atembee.

Sasa dalili. Nitakueleza nilizoziona mimi, na naomba usimsomee mama yake usiku huu.

Ilikuwa 1996, msimu wa kuvuna miwa. Alikuja mkata miwa wa miaka kama thelathini, kaja kwa miguu yake, ana homa na kichwa kinamgonga. Damu ilionyesha wadudu wa malaria, na hapa kwetu nani hana. Akaanzishiwa klorokwini. Kesho yake nikamkuta anajikuna. Hakuna aliyeshtuka: watu wa rika langu wanaijua klorokwini ilivyokuwa inawasha, kuna waliokuwa wanaficha vidonge chini ya godoro kwa ajili ya muwasho huo. Lakini anayewashwa na klorokwini hujikuna mwili mzima. Huyu alikuwa anajikuna sehemu moja tu, mkono wa kushoto, juu ya kidole gumba, mpaka ngozi imechubuka. Nilimwona na nikapita. Mpaka leo naukumbuka ule mkono.

Jioni nikampelekea vidonge na maji kwenye kikombe cha bati. Alikuwa na kiu, aliniambia mwenyewe, "nesi nina kiu tangu asubuhi". Akakipokea. Kilipofika karibu na midomo koo likaruka. Sijui nisemeje vizuri zaidi: misuli ya shingo ilisimama kama kamba, kichwa kikaenda nyuma, maji yakamwagika kitandani, na yeye akanitazama kwa mshangao kama aliyepigwa na mtu asiyemwona. Akajaribu tena. Safari hii hata hakukifikisha mdomoni, kukiona tu kilitosha.

Nikamwita tabibu wetu, mzee mmoja mpole. Hakuuliza kitu. Alichukua jalada la faili, akampepea usoni mara moja tu, taratibu, kama unavyompepea mtoto aliyelala. Shingo ikakakamaa vilevile. Tabibu akaweka faili chini, akatoka nje, akaenda kumtafuta mkewe kwenye benchi. Akamuuliza kama kuna mbwa. Mke akasema hapana, hajang'atwa na mbwa. Baadaye ndipo akakumbuka: walikuwa na kitoto cha mbwa, kabla ya Pasaka, kilimtoboa kidole gumba wakicheza. Kikafa siku chache baadaye, wakadhani ni minyoo.

Tulimhamishia chumba cha pembeni, dirishani tukatundika blanketi ili upepo usiingie. Tulimpa diazepamu alale, na hilo ndilo tiba yote tuliyokuwa nayo. Hata leo wenzangu walio kazini watakwambia kinachofanyika zaidi ni kumpunguzia mgonjwa mateso. Na kati ya mshtuko mmoja na mwingine alikuwa na akili zake zote. Hili ndilo watu hawalijui, wanasikia "kichaa" wakadhani mtu hajitambui. Alinisalimia shikamoo asubuhi. Aliniuliza baiskeli yake imefungiwa wapi. Mate yalikuwa yanamtiririka kwa sababu hawezi kuyameza, akaomba kitambaa ajifute mwenyewe. Alikufa siku ya tatu.

Na si wote wanaoogopa maji. Mwingine niliyemwona, miaka mingi baadaye, alianza kwa miguu kuwa mizito, ganzi ikapanda toka mguu ulioumwa, akawa anapooza kimyakimya. Hakupiga kelele, hakuogopa kikombe. Wa namna hiyo ni kama mmoja kati ya watano, na wengi huandikiwa ugonjwa mwingine. Kwa hiyo ukikaa kungoja maji yamshinde, unaweza kungoja dalili ambayo haiji kabisa.

Kuna binti mmoja Marekani, 2004, alipona bila chanjo, madaktari wa Milwaukee walimlaza usingizi mzito kwa dawa. Watu wakafurahi, wakajaribu kwa wengine nchi mbalimbali, karibu wote walikufa. Usiweke tumaini huko.

Tuje kwenye sindano. Hizo za tumboni zilikuwepo kweli, waliokwambia hawakudanganya. Zilitengenezwa kwa ubongo wa kondoo au mbuzi na zilipigwa siku kumi na nne, wengine ishirini na moja, tumboni kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa nyingi. Zimeshaachwa. Za sasa zinachomwa begani kama chanjo nyingine, mtoto mdogo sana huchomwa pajani. Zisichomwe tako, hata kama anayechoma amezoea tako. Pale zinafanya kazi vibaya. Ukiona anamvua mtoto suruali, mwambie kwa adabu.

Ratiba iko ya namna mbili. Ya kwenye msuli ni siku ya 0, 3, 7 na 14, na kuna hospitali zinazoongeza ya 28. Ya ndani ya ngozi ni matone madogo sehemu mbili, bega hili na lile, siku ya 0, 3 na 7 tu, na inatumia dawa kidogo, kwa hiyo kama hospitali wanaifanya itakuokolea hela. Waulize. Siku ya 0 ni siku ya kuchomwa ya kwanza, siyo siku ya kung'atwa; watu wengi wanachanganya hapo, wanahesabu toka kwa mbwa, wanajikuta wamepitiliza.

Kwa jeraha lililotoboka kama la Zawadi kuna kitu cha pili: seramu, yaani askari walio tayari, inachomwa ndani na kuzunguka pale palipong'atwa ili kulinda wakati mwili wake haujatengeneza wa kwake. Ni ghali na mara nyingi haipo. Iulizie. Ikiwepo apewe siku hiyohiyo ya sindano ya kwanza, na mwisho ni siku ya saba tangu hiyo sindano. Baada ya hapo haina maana tena. Ikikosekana, usirudi nyumbani kwa hasira. Chanjo peke yake imeokoa wengi, hasa kidonda kikiwa kilioshwa.

Na kuosha ndiko nusu ya dawa. Maji yanayotiririka na sabuni, hata ya kufulia, dakika kumi na tano kwa kuangalia saa, siyo kwa kukisia. Ganda la kirusi hiki ni mafuta, sabuni inaliyeyusha. Kisha iodini. Kidonda hakishonwi bila sababu kubwa. Mama Zawadi aliosha kwa chumvi, alifanya alichojua, usimlaumu. Sasa kimefunga, usikifukue.

Kiboko ya Sumu, mjomba, nimekusoma. Mwaka ule uling'atwa na mbwa mzima, jiwe likapata sifa ya bure. Jiwe lile ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, linanata kwenye damu kama mkaa unavyonata kwenye ulimi. Kumkwaruza mtoto upya ili libandikwe ni kukifungulia kirusi mlango mwingine. Usimshauri mtu tena.

Hela najua ni nyingi. Mbegu unaweza kukopa.

Afisa Mifugo Mstaarabu, saa 3:20 usiku

Bibi amemaliza upande wa mtu, mimi niongeze upande wa mnyama.

Baba Zawadi, huyo mbwa uliyemweleza (anatembea ovyo, kimya, hana mwenyewe, kang'ata mtoto na mbuzi ndani ya muda mfupi) mimi nisingengoja maabara initajie jina lake. Watu wanasubiri mbwa mwenye mapovu na makelele. Wapo, lakini wapo wengi wanaotangatanga tu, sauti imekauka, wanatafuna vijiti na mawe, taya limelegea. Hao wa taya kulegea ndio hatari zaidi kwa mwenye mbwa, maana anadhani mfupa umemkwama. Nilimkuta mzee mmoja ameingiza mkono mpaka kwenye kifundo anatafuta huo mfupa, mkewe anamshikia tochi. Mfupa haukuwepo. Tuliwapakia wote wawili kwenye pikipiki yangu usiku uleule, na wako hai, mzee bado ananiletea mahindi.

Laiti mbwa angekuwa wa mtu, mzima, anayefungika, tungemfunga na kumwangalia siku kumi. Mbwa anayetoa kirusi kwenye mate hawezi kumaliza siku kumi akiwa mzima. Akimaliza, unasimamisha sindano zilizobaki. Lakini hata hapo sindano ya kwanza huisubirishi. Safari nyingine mkimuua, msimtupe. Kichwa ndicho kinachopimwa, toeni taarifa kwa afisa mifugo wa kata aje mwenyewe na glavu zake.

Sasa mbuzi. Asichinjwe "kabla hajafa hasara". Nyama ikiiva haina tatizo, tatizo ni anayechinja na anayepasua kichwa. Afungwe peke yake, asikamuliwe. Akianza kulia mfululizo kwa sauti iliyopasuka, kutoa mate, kujigonga ukutani, mumwite afisa, azikwe.

Nina swali moja ambalo Bibi hakuuliza. Waliompiga yule mbwa walimfikishaje korongoni? Walimbeba? Walimshika mdomo?

Mama Mutua wa Makueni, saa 3:41 usiku

Hujambo Bibi, shikamoo. Nasoma nikiwa Kenya na nimeingiwa na baridi. Sisi tuna puppy, samahani, kitoto cha mbwa, kinapenda kulamba watoto miguu, na juzi kilimkwaruza mdogo kwa jino, ngozi ikawa nyekundu tu. Hajachanjwa huyo mbwa. Nifanyeje? Na huku kwetu huambiwa mtoto anayenyonya au mama mjamzito hadungwi hiyo sindano.

Bibi Nesi, saa 3:58 usiku

Marahaba mwanangu. Kulamba ngozi nzima isiyo na jeraha, osha tu, hakuna sindano. Kukwaruza bila damu, osha na achomwe chanjo. Damu ikitoka, au mbwa akilamba kidonda, jicho au mdomo, hapo ni chanjo na seramu. Wewe upo hapo katikati. Kwa kuwa kitoto cha mbwa kipo, mpeleke mtoto aanze, nyumbani mfunge mbwa mhesabu siku kumi kama alivyosema Afisa. Mjamzito anachomwa, anayenyonyesha anachomwa, kichanga anachomwa. Hakuna anayekatazwa, kwa sababu upande wa pili wa mizani ni kifo. Dozi ya mtoto ni ileile ya mtu mzima, wasikupimie nusu.

Na mchanjeni huyo mbwa. Karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani wameupata kwa mbwa.

Afisa Mifugo Mstaarabu, saa 4:05 usiku

Naunga mkono. Ukichanja mbwa saba kati ya kila kumi, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walifanya hivyo ukatoweka, ukarudi 2016, wakachanja tena. Siku za kampeni utacheka: watoto wanawaleta mbwa kwa kamba za katani, kwa tairi la ndani la baiskeli, mmoja alimleta wake kwenye toroli ya maji amemfunika kanga ya mama yake. Watu wazima hawaji, wanasema mbwa wao "hana tabia hiyo".

Baba Zawadi, sijajibiwa swali langu.

Baba Zawadi, Alhamisi saa 7:35 mchana

Samahani, simu ilizima jana usiku. Niliusoma mstari wa kwanza wa Bibi, kiza kikaingia. Saa kumi alfajiri tukapanda bodaboda hadi barabarani, tukapata basi.

Amechomwa. Wanafanya ile ya ndani ya ngozi, bega hili na bega lile, kwa hiyo ni safari tatu tu. Seramu hawana, wamesema imekwisha tangu mwezi uliopita. Nesi alipouliza "kang'atwa lini", nilijiandaa kugombezwa, akasema tu "umefanya vizuri kuja". Zawadi hakulia kwenye sindano. Alilia nje, aliona juisi ya miwa nikamwambia hela ya juisi hakuna. Nikarudi nikamnunulia.

Wameniandikia tarehe kwenye karatasi ndogo, mimi nimezinakili nyuma ya daftari lake la Hisabati ili isipotee. Lakini siku ya 3 inaangukia Jumapili, na dirisha la chanjo limeandikwa Jumatatu hadi Ijumaa.

Afisa, swali lako nimelisoma nikiwa kwenye foleni na mwili ukafa ganzi. Mdogo wangu Shida ndiye aliyemburuta. Alimshika kwa taya la chini, maana mkia ulikuwa na damu. Na wiki ile alikuwa anafyeka, viganja vimejaa malengelenge yaliyopasuka.

Bibi Nesi, saa 7:49 mchana

Hapo hapo ulipo, usiondoke. Rudi dirishani umuulize nesi Jumapili dawa inatolewa wapi. Chanjo inakaa kwenye friji na friji haifungwi Jumapili. Kwa kawaida idara ya dharura wanaifungua, ila wanataka kujua kuna mtoto anakuja. Andika jina la atakayekuwa zamu. Ikishindikana kabisa, Jumatatu saa moja asubuhi awe wa kwanza, unaendelea palepale ratiba ilipoishia. Hakuna kuanza upya, na hakuna kusema "si nimeshapitiliza basi". Walioniuma roho zaidi katika kazi hii ni waliochomwa moja wakaacha.

Shida naye anachomwa. Mate ya mbwa kwenye kidonda kibichi ni sawa na jino. Amenawa alipomaliza?

Baba Zawadi, saa 8:10 mchana

Alijifuta kwenye nyasi. Nimempigia sasa hivi. Anasema yeye hakung'atwa, kwa hiyo hana cha kutibu, na kwamba mimi nimeshikwa na watu wa mtandaoni. Dirishani wamesema Jumapili nije dharura, wameniandikia.

Bibi Nesi, saa 8:14 mchana

Anarudi saa ngapi kutoka shambani? Usibishane naye. Msomee habari ya mkata miwa, uanzie pale kwenye kikombe. Akimaliza kusikiliza, muulize viganja vyake vinawasha.

Afisa Mifugo Mstaarabu, saa 8:30 mchana

Na waulize wenzake walioshika magongo. Wote, jina kwa jina.

Baba Zawadi, Ijumaa saa 12:20 asubuhi

Niliwauliza. Wawili walipiga kwa mbali, hawakugusa. Mwingine ana mkwaruzo, anasema ni wa mwiba, hana uhakika.

Nilimsomea Shida mbele ya mama yetu. Nilipofika kwenye baiskeli, mama akainuka, akaenda ndani, akarudi na hela ya mbegu zake mwenyewe, akamwekea mapajani bila kusema kitu.

Tupo kwenye basi, mimi, Shida na yule wa mwiba. Zawadi kabaki na mama yake mpaka Jumapili. Ameniagiza juisi ya miwa, sijui itafikaje nyumbani bila kuchacha.